Chumvi Chini ya Barafu

Jumatatu, 8 Januari
Kifaa changu cha kupima joto la bahari kimezama — ndivyo tulivyotaka! Dada ametumia maji ya moto kutoboa barafu inayoelea, tundu jembamba hadi baharini, akakishusha kwa kebo. Yeye yuko hemani, ncha ya kusini ya dunia. Mimi niko hapa maabara, kwenye kiti kibovu, napokea namba kwa setilaiti. Nyuzi moja juu ya sifuri! Wahasibu wa chumba cha pili wamecheka, eti hilo nalo ni joto? Kwa barafu ile ni moto kabisa. Nimeruka hadi chai ikamwagikia kibodi.

Bosi wetu, tunayemwita Bwana Labda, hakuruka. Kasema labda napima maji ya moto ya dada yangu mwenyewe, yaliyobaki tunduni. Inawezekana! Nina hadi Ijumaa kumthibitishia, la sivyo kipimo changu kinatoka kwenye ripoti. Miaka mitatu ya kazi.

Jumanne, 9 Januari
Joto halijashuka. Labda yanapoa polepole, kasema Bwana Labda. Hakosi jibu huyu!

Mezani mama kauliza kinachonikondesha. Nikamweleza: juu kuna baridi kali, lakini maji ya joto yenye chumvi ni mazito, yanapita chini kabisa na kuilamba barafu tumboni. Na barafu hiyo inayoelea ndiyo inayoizuia ile ya nchi kavu isiteleze baharini. Akatafuna kwanza.

"Mlango umeliwa na mchwa," kasema, "na kwa nje rangi inang'aa."

Natamani angekuwa bosi wangu.

Alhamisi, 11 Januari
CHUMVI! Imenijia nikipiga mswaki. Maji ya dada ni theluji iliyoyeyushwa, hayana chumvi hata chembe! Joto na chumvi vikija pamoja, hiyo ni bahari yenyewe. Na kipimo cha chumvi kimo humo humo kwenye kifaa — nilikizima kuokoa betri. Mjinga mimi! Nimekiwasha kwa setilaiti.

Chumvi tele. Joto lile lile!

Bwana Labda kaikodolea macho skrini, hakusema labda. Kanipa mkono. Dada kwenye simu anacheka, upepo unameza nusu ya maneno. Nina furaha sijui niiweke wapi.

Ijumaa, 12 Januari
Nimo kwenye ripoti, ukurasa wa kwanza! Wahasibu wameleta keki. Bwana Labda kala vipande viwili, kisha kasema tundu letu liko ukingoni, upande wa bahari, labda joto linaishia hapo. Dada atoboe jingine ndani kabisa, barafu inapokanyaga mwamba. Nikauliza, je, tukilikuta na huko? Akavua miwani.

"Basi ile ya nchi kavu imeshaanza safari ya baharini, na bahari itapanda."

Kipande changu nimewarudishia wahasibu.

Alhamisi, 18 Januari
Kebo inashuka! Ofisi nzima iko nyuma ya kiti changu. Siwezi kutulia, naandika huku nasubiri. Wiki iliyopita niliomba joto. Leo naomba baridi, baridi ya kuniaibisha mbele ya wote. Nimemnong'oneza Bwana Labda kwamba natumaini nimekosea. Kasema hata yeye.

Dada anatutajia mita kwenye simu. Kifaa kimegusa maji. Chumvi imeingia: tele. Ni bahari.

Namba ya joto bado haija —