Meno ya Difu Uliyonificha

Baba yangu uliyelala Malava,

Nakuandikia nikiwa na grisi hadi viwikoni, na nimekasirika. Wewe ndiye uliyenifundisha kutomwamini fundi hata akiwa mlokole. Gari likienda gereji, ulisema, unabeba stuli yako, unakaa hapo mpaka kazi iishe, na kifaa cha zamani unarudi nacho nyumbani. Pale Dagoretti Corner walikuona unakuja na stuli wakacheka, lakini hakuna aliyewahi kukubadilishia hata nati.

Sasa sikiliza. Miezi mitatu baada ya kukuzika niliwasha lile steshenwagoni lako la kijivu, nikaenda nalo mjini. Kuondoka kwenye taa likawa zito, mpaka nikapigiwa honi. Barabara ilipofunguka likatulia ajabu, bila ile kelele yake. Mshale ulisema hamsini, nami nayapita magari ya watu wenye haraka. Nikajiambia, hapa kuna mtu amecheza na gari la marehemu.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuhesabu? Nilikuwa darasa la sita. Uliinua magurudumu ya nyuma, nikalala chini na chaki, nikatia alama kwenye propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye injini kwenda nyuma. Mlizungusha magurudumu yote mawili pamoja, wewe na mama, mzunguko mmoja tu, nami nikahesabu propela: mara nne na nusu na kidogo. "Hiyo ndiyo sahihi ya difu yetu," ulisema, ukigonga lile boksi la meno katikati ya magurudumu ya nyuma. "Mtu akiibadilisha, utamshika."

Juzi nilihesabu tena, jirani na mama wakizungusha. Mara tatu na robo tatu. Nikarudia mara tano, mama akalalamika mgongo.

Mtuhumiwa wangu alikuwa mmoja, rafiki yako Fundi Wafula. Ni yeye aliyekaa na gari ile wiki uliyosema umempelekea atazame breki, nami nilikuwa kazini, sikulinda. Tena wakati wa matanga alinivuta kando akauliza mzee atasafirishwa na gari gani. Nilimwona anavyolitazama steshenwagoni lako. Nikajua huyu analimezea mate. Nikamkata kauli, nikamwambia tumeshakodi gari la kubeba maiti, ahsante, kwaheri.

Basi nikaenda gereji na stuli yako. Nikaiweka katikati, nikakaa, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Aliinama chini ya meza ya kazi akatoa kitu kizito kilichofungwa kwa shati lako la drafti, lile tulilolitafuta nyumba nzima ili tukuvike. Ndani yake mlikuwa na meno ya difu ya zamani, yote mazima, yamepakwa grisi.

"Mzee mwenyewe alisema nibadilishe, akaniachia na shati la kuyafungia," aliniambia. "Hii ilikuwa ya kupanda milima. Safari ndefu, injini inalia mpaka unachoka. Nikamuekea ya kwenda mbali."

Nikamuuliza mbali wapi, na wewe ulikuwa unatembea kwa kushikwa mkono.

"Nyumbani Malava. Alitaka abebwe juu ya paa, kwa kerio ya gari yake, na wewe ndio uendeshe. Nilikuja kukuambia, ukanifukuza."

Bado nilishuku, baba. Nikataka kujua kwa nini hukuniambia mwenyewe. Akasema ulijaribu mara mbili, na mara zote mbili nilikuambia uache maneno ya kufa. Ni kweli nilisema hivyo. Mara ya kwanza nilikuwa nakukorogea uji.

Tulikupeleka na gari la watu, na dereva tusiyemjua. Njia nzima nilimchunga yeye asituibie mafuta, wala sikukutazama wewe. Gari lako lilibaki uani chini ya turubai, tayari kwa safari.

Inaniuma. Niliwashuku wote, na wewe peke yako ndiye uliyenificha jambo. Tena ulinifundisha namna ya kuligundua, nami nikachelewa kuhesabu.

Fundi Wafula nimemwomba msamaha mbele ya wateja walewale. Aliuliza kama arudishe yale meno ya zamani, nikakataa. Jumamosi nakuja Malava na gari lako, shati lako likiwa kwenye kiti cha pembeni. Kerio itakuwa tupu, baba, lakini nitaendesha polepole, kama vile uko juu.

Ni mimi, binti yako niliyerithi stuli.