Wimbo Wako Wamempa Arlette

Konso wangu,

Wamechagua. Si mimi. Wamemchagua msichana wa Musaga, anaitwa Arlette, ana miaka ishirini na mwanya mbele, na wimbo wako, yeye ndiye atakayeuimba, mwisho wa filamu, majina yakipita. Haya, cheka. Najua ungecheka kwanza ndipo unipe pole.

Nakuandikia nikiwa saluni, mlango nimeurudisha ili wateja wadhani nimeenda kula. Kula gani? Nina wivu, Konso. Si ule wa kusema "jamani, hata mi ningependa". Ni ule wa kuangalia ugali mpaka ukapoa. Na kabla sijaenda mbali nikwambie kabisa: nimefanya jambo baya, na nimelifanyia wimbo wako.

Unakumbuka ulivyoanza. Desire, yule mwongozaji, alikuja kwenye korali yetu akitafuta mtu wa kumtungia wimbo wa filamu yake ya maajabu, ile ya msichana aliyeolewa na mfalme wa viboko chini ya ziwa. Tulicheka mpaka padri akatugeukia. Viboko wenyewe ni watu wamevaa vichwa vya sponji! Lakini Jumamosi ile ulipokuja hapa Mutakura nikusuke, hukucheka tena. Ulikaa chini katikati ya magoti yangu ukaanza kutunga, na kila nikivuta nywele ulipandisha sauti. Pale juu kabisa, msichana anapomwita mama yake kutoka majini, pale watu wote wanapopasifu, ni mimi nilivuta sana nyuma ya sikio. "We Zawadi, unaniua! Lakini acha, acha, hapo ni pazuri!" Nami nyuma yako nikafuata na sauti ya pili, kama kawaida yetu. Wewe unaanzisha, mi nafuata. Miaka kumi na moja ya korali ilikuwa hivyo.

Desire alipokuja kuusikiliza hakuuliza hata nani ataimba. Alikuangalia wewe. Mimi nikapiga makofi, nikatabasamu meno tu, moyo umenuna. Hilo hukulijua. Au ulilijua ukaninyamazia?

Kisha ikaja homa, hospitali, wiki mbili, basi. Studio hukuwahi kuingia. Desire alikuja kwenye matanga akakaa na wanaume, filamu hakuitaja, na baadaye mama yako alimwambia: mpaka tuganduke, kilio kiishe. Akangoja. Siku ya kuganduka, matanga yakishaondolewa na watu wakishakunywa, mama akasimama akasema, "Wimbo wa mutoto wangu uimbwe sasa, mutu asiuogope. Zawadi ndiye anaujua." Watu wote wakanigeukia. Weee! Nilijiona nimeshafika.

Desire akasema atasikiliza watu wawili, mimi na msichana mmoja aliyemsikia kwenye harusi. Nikadhani anafanya adabu tu. Nikavaa kitenge kipya, nikafumba macho, nikaimba wimbo wote bila kukosa neno. Nikafumbua macho. Fundi wa sauti alikuwa anaangalia nyaya zake. Desire akajikuna kichwa, akasema taratibu, "Da Zawadi, ni nzuri. Lakini wimbo wenyewe uko wapi?"

Sikuelewa. Akanipigia mluzi mstari wa kwanza, jinsi alivyousikia kwako, na hapo nikaelewa. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili tangu mwanzo mpaka mwisho. Peke yake, bila wewe juu yake! Kichwani mwangu ulikuwa unaimba na mimi nakufuata, kumbe pale chumbani hakuna aliyekusikia. Nikajaribu tena. Maneno matatu yanatoka sawa, halafu koo linateleza linarudi kwenye njia yake. Mara nne. Arlette alikuwa kwenye benchi, mikono mapajani, ameinamisha macho kwa heshima. Hiyo heshima ndiyo iliyonichoma zaidi. Zamu yake ilipofika akaimba wimbo wa kanisani tu, wa kila siku, na Desire akaacha kujikuna.

"Utamfundisha wewe," akaniambia. "Hakuna mwingine anayeujua, hata ukimpa maneno matatu matatu."

Mimi! Nimfundishe!

Sasa sikiliza. Kwenye simu yangu kuna sauti yako. Ile uliyonitumia asubuhi moja ukipika chai, sufuria inalia nyuma, wimbo wote mpaka mwisho, ukasema, "Sikia, nimebadilisha pale chini." Hakuna aliyejua kwamba ninayo. Tangu ufe sikuwa nimeifungua, niliogopa. Ningemsikilizisha Arlette mara moja, kazi ingekwisha. Nikaificha. Siku nne alitoka Musaga, akashuka mjini, akapanda basi lingine mpaka hapa saluni, na siku nne hizo nikamfundisha sauti ya pili. Makusudi, Konso. Nikamwambia marehemu aliimba hivi hivi, Desire hana sikio, mluzi wake usiufuate. Siku ya pili akaniletea maandazi. "Da Zawadi, kwanza ukule." Nikayala maandazi yake, nikajipangusa mafuta, nikaendelea kumpoteza. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwenzetu alikuwa amekibebea na maandazi.

Jana tukaingia studio. Akaimba nilichompa, na hata nusu hakufika, Desire akamkatiza akimfokea. Siku nne zote ulikuwa unafanya nini? Unadhani tunacheza hapa? Nilisimama nikingoja Arlette aninyooshee kidole. Nilikuwa nimeshatayarisha na la kujibu. Hakuninyooshea. Akasema, "Samahani, patron. Da Zawadi amenifundisha vizuri, ni mi kichwa kigumu."

Desire akamgeukia fundi wa sauti. Basi, akasema, tumengoja vya kutosha, huu wimbo tuuache. Majina yapite na kinanda tu.

Kinanda tu! Nilitaka kumtoa Arlette, na sasa ninakutoa wewe. Wimbo wako pekee utakaobaki, na ni mimi niliyeushikia jembe la kuufukia. Nikaomba nusu saa, Desire akaangalia saa yake, akakubali kwa shingo upande.

Nikamvuta Arlette mpaka uani, karibu na tanki la maji. Kwa haraka nikafungua picha badala ya sauti. Kisha ukatoka. Sufuria kwanza, halafu wewe. Yee, mama yangu! Nililia vibaya, kamasi na yote, mlinzi akaja kuuliza kama kuna msiba. Arlette alisikiliza mara tatu. Mara ya tatu aliiangalia simu, akaniangalia mimi, na nikaona anaelewa. Siku zote nne, alizielewa pale pale. Akasema, "Alikuwa na sauti nzuri sana, ndugu yako." Afadhali angenitukana.

Tukarudi ndani, akaimba. Nilisimama pembeni nikitafuta kosa kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Anavuta pumzi mahali ambapo wewe huvuti, hilo tu. Pale juu alipafika bila mtu kumvuta nywele. Ni mzuri, Konso. Imenichukua tangu jana mpaka sasa kuliandika neno hilo.

Desire akawa mtu wa furaha ghafla. "Zawadi, ingia sasa na sauti ya pili, itapendeza!" Fundi akanisogezea maikrofoni. Nikakataa. Nikasema koo linaniuma. Uongo mtupu, koo lilikuwa zima. Wimbo nimempa. Simu nilimpa. Jina lako kama mtunzi nimemtajia fundi herufi kwa herufi, nikasimama nyuma yake mpaka alipoliandika sawa. Lakini kusimama chini ya sauti yake kama nilivyosimama chini ya yako, apana. Hapo juu yangu ulikaa wewe. Asikae mtu. Najua huo nao ni wivu, na safari hii sioni hata aibu.

Ule mwingine ndio unaonitia aibu, na leo nautoa wote. Nilikuonea wivu miaka yote, huku nakusuka, huku nakuita ndugu. Kila Pasaka niliomba upate mafua. Kwa kweli, nilipiga magoti nikaomba. Mafua tu, siku moja tu, ili mwalimu wa korali ageuke aseme, "Haya, Zawadi, anzisha." Mwaka mmoja ukayapata, na ukaimba hivyo hivyo, pua nyekundu, kanisa zima likalia. Nilikuchukia mpaka Jumanne. Halafu ulipolazwa, unajua nilifikiri nini kwanza? Kabla ya kukuonea huruma, kabla ya kuuliza una nini, nilifikiri: studio wataingia na nani? Nikajipiga kofi mdomoni pale pale barabarani, watu wananiona. Sikuomba zaidi ya mafua, Konso. Nakuapia mbele ya Mungu, sikuomba zaidi ya mafua.

Mama yako hajambo. Nguo zako alizigawa siku ile ya kuganduka, mimi akanipa koti la korali. Silivai, linanibana mabegani. Anakuja kila Alhamisi, nakisuka kichwa chake bure, tunakutaja kidogo, naendelea kusuka. Kuhusu siku zile nne hajui. Nitamwambia, lakini kwanza nimalizane na Arlette. Kesho napanda basi la Musaga nikamwombe msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe, nyumbani kwao, mbele ya mama yake kama yupo. Akinifukuza, nimefukuzwa.

Na nakuahidi jingine. Tangu uondoke, mwalimu wa korali amenitaka mara mbili nianzishe nyimbo, na mara mbili nimesema nina mafua. Jumapili naanzisha mimi. Sauti ya kwanza, peke yangu, hata kama nitateleza na benchi la mbele likageuka kuniangalia. Nimeanza kujizoeza humu saluni, wateja wanavumilia.

Pumzika, ndugu yangu. Na nikisimama Jumapili, usinisaidie. Nakuomba unyamaze kidogo kichwani mwangu, dakika tatu tu, nisikie mi mwenyewe naimbaje.

Ni mimi,
Zawadi