Ukurasa Uliomfukuza Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa jikoni kwa sababu sebuleni hakukaliki, naomba unisaidie kabla nyumba haijanishinda.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za mtandaoni, na mwezi uliopita nilipewa tovuti ya kliniki ya macho, nikaitengeneza kwa moyo wote, picha zinateleza zenyewe, ratiba ya madaktari inafunguka ukiigusa, bosi akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikarudi nyumbani kujigamba kwa mama mkwe, ambaye tunakaa naye, nikamwambia mama, huna haja tena ya kupanga foleni kuuliza, fungua tu simu utaona daktari wako yupo siku gani, maana jicho lake la kushoto limeanza kuingia ukungu. Kumbe fundi simu alishamzimia skripti, yaani zile programu ndogo zinazoendesha mbwembwe za ukurasa, ili bando lisiishe haraka na simu yake ya zamani isigande, na ukurasa wangu bila skripti ni mweupe, hauna kitu, isipokuwa ilani moja niliyoiweka mwenyewe kwa haraka: "Simu yako haifai. Tafuta nyingine." Mama akaisoma, akaweka simu mezani, akasema, "Haya, mwanangu, nimekusikia," na tangu hapo ananijibu "ndiyo" na "hapana" tu, na kliniki hataki hata kuisikia, anasema haendi mahali alipofukuzwa, na jicho linazidi. Mume wangu ananiambia, "Si uombe radhi yaishe!" lakini nitaombaje radhi kwa maneno ambayo hayakumlenga yeye? Bosi naye nilipomgusia akasema, "Watu wa namna hiyo ni wachache, achana nao." Nimlaumu nani, na nifanyeje?

Mkaza mwana aliyenuniwa

JIBU

Mkaza mwana, pole. Kununiwa na mtu unayekula naye meza moja ni adhabu. Ila pole yangu inaishia hapo, sasa kaa vizuri nikuambie.

Unasema maneno hayakumlenga yeye. Yalimlenga nani, basi? Uliyaandika kwa ajili ya mtu mwenye simu kama yake hasa, ila ulidhani mtu huyo hakai sebuleni kwako. Mama mkwe hakukuelewa vibaya hata kidogo, alisoma kilichoandikwa. Mgeni amepiga hodi, nawe badala ya kumkaribisha unamkagua viatu. Na mgeni mwenyewe anaumwa jicho, anauliza tu daktari yupo lini! Mimi pia natumia simu kuukuu, kwa hiyo usinione nina hasira bure.

Acha kutafuta wa kumlaumu. Fundi simu alifanya kazi yake. Kesho asubuhi futa ile ilani. Kisha weka ratiba ya madaktari, namba ya kupiga na mahali kliniki ilipo kwa maandishi ya kawaida ndani ya ukurasa wenyewe, vionekane hata skripti zikiwa zimezimwa. Picha zako ziteleze baadaye kwa wanaoweza kuziona. Chakula kwanza, maua ya mezani yatafuata. Halafu zima skripti kwenye simu yako mwenyewe ujaribu, usiniambie itakuwa sawa kwa kukisia. Bosi usibishane naye. Mpe simu yako mkononi leo, skripti zikiwa zimezimwa, kabla hujarekebisha kitu, mwambie akutafutie daktari wa Jumatano, kisha nyamaza. Anawaita wachache, mdharau mwiba mguu huota tende.

Ukimaliza, nenda kwa mama. Usimfundishe skripti ni nini, hakukuuliza. Sema, "Mama, niliandika vibaya, nisamehe," na neno "lakini" liache jikoni. Mwombe aufungue ukurasa kwa simu yake ileile, ukae karibu naye na mikono yako uiweke mapajani. Atasoma polepole kwa lile jicho zima. Akiitaja siku ya daktari kwa sauti, usishangilie. Siku hiyo mpangie viatu vyake mlangoni, umpeleke mwenyewe.