Njia Niliyomtajia Danieli

Bibi,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini mkono umekataa kuanza barua bila shikamoo. Ungenitandika kwa ule mwiko wa ugali hata huko uliko.

Hii ndiyo barua yangu ya kwanza ndefu. Ndiyo, mimi, Debora, yule uliyesema nitazeeka nikiishika Biblia juu chini. Tangu utuache nimejua kusoma. Kisomo cha watu wazima kipo hapa kijijini kila alasiri, tunakaa kwenye banda la ofisi, akina mama wengi na wazee watatu ambao kazi yao ni kumbishia mwalimu. Najua kuandika jina lako na langu. Na la Danieli pia, ambalo ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie, maana nimefanya jambo na sijui kama nimelifanya vizuri au nimeliharibu.

Nimesema hapa kijijini. Sijui nikueleze vipi, Bibi. Hatupo tena mlimani. Masika ya pili baada ya kukuzika tuliambiwa tushuke, watu wote wakae pamoja wapate shule na zahanati na maji ya bomba. Lori likaja. Tukapakia vinu, kuku, vitanda, mpaka milango. Sasa tuko huku Zombo, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya shamba la darasa, yangu ni ya nne mstari wa tatu. Juma la kwanza niliingia kwa jirani na ndoo yangu kichwani nikidhani ni kwangu, nikamkuta mume wa mtu anaoga. Bomba lipo, sisemi uongo, linatoa maji siku inapojisikia. Shule ipo, watoto wanasoma. Wewe tu ndiwe usiyekuwepo. Wewe tulikuacha kule juu nyuma ya nyumba, kando ya jiwe lako la kusagia, na nyumba yenyewe haina paa sasa.

Unakumbuka siku zile za mwisho, uliponishika kifundo cha mkono ukakataa kuniachia? Ulikuwa umechoka, lakini kwa kaka yako hukuwahi kuchoka. Danieli, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ya Wazungu wakati wewe hata ngoma ya unyago hujachezwa. Ulinisimulia mara ngapi? Aliondoka asubuhi na mfuko wa unga wa askari begani, bega la kushoto, kwa sababu kichwani alikuwa na kovu la moto tangu utoto na hakuweza kujitwika. Hakugeuka. Hakurudi.

Na kwetu mtu aliyefia mbali ni lazima afuatwe. Ndugu yake anakwenda pale alipolala, anamwaga unga wa mtama, anamtajia njia ya kurudi, mto kwa mto, njia panda kwa njia panda, mpaka mlangoni kwao. Na njia hutajwa mara moja tu. Ukiirudia unamvuruga marehemu, atazunguka asifike popote. Danieli hakufuatwa kwa sababu hapana aliyejua alikolala. Basi wewe ukaacha mlango wa nyuma bila komeo miaka yote ile, Padre akikuuliza unasema komeo limevunjika. Jumapili ulikuwa wa Padre, Jumatatu ulikuwa wa mizimu, eti nani akuulize! Tuliibiwa kuku mpaka marehemu babu akasema heri Danieli angerudi tu, tule mayai.

Ukaniambia: "Debora, ukifika popote wanapowataja wapagazi wa vita, mtajie njia."

Nikasema ndiyo. Ulikuwa unakata roho, ningekubishia? Sikujua kama mimi ni mtu wa kufika popote.

Sasa sikia. Kisomo chetu kilisifiwa wilayani, na zawadi yake ikawa safari ya Dar es Salaam, kutembezwa siku nzima tuone mji na kumbukumbu za vita na za uhuru. Watu wakapiga vigelegele. Mimi moyo ukaruka kwa lile neno moja, vita. Nikasaga unga wa mtama konzi moja, nikaufunga kwenye pindo la khanga. Nikakaa ndani ya basi na jirani yangu Mama Zainabu. Humjui, tumejuana huku huku Zombo. Baba yake alikuja zamani kutoka bara kukata mkonge, yeye ni Mwislamu na ana mdomo kama wako. Tulipita Mikumi kwa lami tupu, tembo wamesimama kando wanatutazama bila haya. Nilitamani uwaone. Wewe ungewaamkia.

Tulilala kwenye shule moja, na kesho yake asubuhi akaja wa kututembeza. Tulimwita Ndugu Kiongozi. Mtu mzima, suti ya Kaunda imepigwa pasi inang'aa, fimbo ya mwanzi mkononi ya kuonyeshea. Maneno yanamtoka mbio, hana pa kumezea mate. Kule bandarini akatuonyesha kanisa la Walutheri, na majumba meupe ya ghorofa. Hapa alikaa Mjerumani, hapa akaja kukaa Mwingereza, na hapa sasa tunakaa wenyewe. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi na mkono mmoja umeshika pindo.

Akatupeleka kwenye makaburi ya vita. Bibi, ni safi! Majani yamekatwa, mawe yamesimama safu safu, kila jiwe na jina. Nikaanza kusoma kwa kidole, jiwe baada ya jiwe, wenzangu wananisubiri. Majina ya watu wa mbali watupu, hata kuyatamka siwezi. Nikamuuliza Ndugu Kiongozi wapagazi wako wapi. Akasema wapagazi hawapo hapa, wapagazi walizikwa kule kule walikoanguka, porini, njiani, wengine hawakuzikwa. Alisema hivyo hivyo, kisha akatazama saa. Nikafunga tena pindo langu.

Kisha Kariakoo. Akasema hapa ndipo walipopiga kambi wapagazi wa Mwingereza. Nikatazama chini nitafute pa kumwaga. Utamwaga wapi, Bibi? Wanajenga soko jipya, saruji imetapakaa, mwanamke mmoja anauza dagaa na ananiuliza nanunua au namzibia upepo. Na jambo jingine likanichanganya zaidi. Wa Mwingereza, alisema. Danieli alikuwa wa nani? Wewe siku ya hasira ulisema alichukuliwa na Mjerumani, siku ya huzuni ukasema Mwingereza. Nikamuuliza Ndugu Kiongozi, na wapagazi wa Mjerumani wanakumbukwa wapi? Akakohoa. Akasema, "Ndugu yangu, wote walibebeshwa na mkoloni." Watu wakapiga makofi. Kweli, ni kweli. Lakini mimi sikuuliza nani alimbebesha, niliuliza aliuweka mzigo wapi.

Tukapita Mnazi Mmoja kwenye mnara wa uhuru, hapo kidogo akili ilitulia, tukaimba. Mwisho kabisa ndipo akatupeleka kwenye sanamu ya askari, katikati ya barabara, magari yanaizunguka mpaka kichwa kinauma. Askari wa shaba, ameinama na bunduki, uso ameuelekeza bandarini, kwetu hatazami hata kidogo. Nikasema moyoni, huyu si Danieli, Danieli hakupewa bunduki. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Lakini ubavuni mwa jiwe kuna picha nyingine za shaba, watu wadogo wamejitwika mizigo. Na maandishi. Na mengine ni Kiswahili! Nikasoma mwenyewe, Bibi, bila mwalimu, herufi kwa herufi, mpaka nikalifikia: wapagazi. Wanawataja.

Jina hata moja hakuna. Nikawatazama wale watu wa shaba mmoja mmoja, namtafuta aliyebeba begani. Bega la kushoto. Macho yakajaa machozi, sikuona tena bega lipi ni lipi.

Ndugu Kiongozi anaita, basi linasubiri. Nikaona sasa au basi tena. Mama Zainabu nilikuwa nimemweleza habari yote njiani, akaelewa bila kuambiwa. Akamshika Ndugu Kiongozi mkono akaanza kumuuliza yule askari ana kilo ngapi na alipandishwa pale juu na nini. Mimi nikafungua pindo. Nikamwaga unga pale chini ya jiwe, upepo wa magari ukachukua nusu. Nikasema haraka haraka, kwa lugha yetu ya nyumbani: Babu Danieli, mimi ni mjukuu wa dada yako. Weka mzigo, vita imekwisha. Toka hapa fuata lami mpaka Morogoro, pita Mikumi, tembo wasikutishe, pinda kulia njia ya Kilosa, ukifika Zombo ingia mstari wa tatu, nyumba ya nne. Mlango utaujua, ni ule ule wa mlimani, tuliubeba.

Nikamaliza. Nikajisikia mwepesi, nikapanda basi nacheka kama mwehu.

Tulifika Mikumi kesho yake saa saba mchana, tumeshuka kununua ndizi, ndipo Mama Zainabu akaniuliza, hana baya: "Na Bibi yako amelala huko huko kwenye mistari?"

Ndizi ilinikwama, Bibi. Nimemtajia njia ya kwangu! Nimemleta mtu wa vita kutoka huko aliko mpaka kwenye nyumba ya nne mstari wa tatu, na wewe uliyemngoja maisha yako yote uko juu mlimani, mwendo wa nusu siku. Atafika, atausukuma mlango anaoujua, atanikuta mimi. Mimi ni nani kwake? Atauliza dada yake yuko wapi. Na siwezi kurudi kumtajia tena, njia hutajwa mara moja. Halafu hiyo lami yenyewe, ameionea wapi? Enzi zake ilikuwa reli. Kilosa stesheni anaijua, Zombo hii ya mistari hakuna marehemu anayeijua.

Tangu nirudi sielewi. Nimemuuliza katekista, akasema Danieli yuko kwa Mungu na hahitaji njia ya Mikumi. Nimemuuliza mwalimu wa kisomo, akasema hizo ni imani za zamani, akaniambia niandike insha ya safari. Mama Zainabu akasema nimpe muda, mtu aliyekaa huko miaka yote hiyo hawezi kuja na basi la jana. Nalala nawaza, nyumbani ni pale palipo mlango au pale ulipo wewe? Na kama aliyekuwa pale kwenye jiwe si Danieli, nimemwalika nani kwangu? Ningekuuliza wewe. Ndiwe pekee ningekuuliza, na ndiwe uliye huko. Nina hasira na wewe kidogo, samahani, lakini ninayo. Uliniachia neno moja tu, mtajie njia. Hukusema njia ya wapi.

Lakini kuna kitu kimoja nimeamua. Juzi nimeng'oa komeo. Mlango wako tulipoufunga huku tuliutia komeo jipya kwa sababu ya vibaka, sasa nimeling'oa, na wakiniuliza nasema limevunjika. Kuku nimewahamishia kwa Mama Zainabu, sina ujinga wa kurudia makosa yako. Asubuhi naweka maji kwenye kata karibu na kizingiti. Mwenyekiti wa kijiji hapendi watu warudi rudi mlimani, anasema tunarudisha maendeleo nyuma. Nitamwambia nafuata jiwe la kusagia. Wala si uongo, jiwe nalitaka.

Danieli akifika kwangu, nitamjua. Sijui kwa nini nasema hivyo, sikumwona kamwe, lakini nitamjua. Nitamwacha apumzike siku moja, anywe maji, halafu sitamtajia njia tena. Ya kutajwa imekwisha. Nitamtangulia.

Basi lala, Bibi. Mahindi yakishavunwa napanda kuja kwako, iwe amefika au bado, nitapanda kila mwaka mpaka miguu ikatae. Nitapita njia ya zamani, ile ya kijito. Ukisikia nyayo za watu wawili, za mbele ni zangu.

Mjukuu wako,
Debora