Usiguse Bomba Mpaka Mkeo Arudi

Mwanangu,

Ukitoka zamu, kula kilichofunikwa mezani kisha ulale. Bafuni usiguse bomba. Umeme nimeuzima mwenyewe, usiuwashe.

Sasa sikia. Asubuhi mdogo wako kaja kunywa chai na fulana imeandikwa TT. Baba yako akasema hiyo ni njia ya benki ya kutuma pesa nje. Dada yako, na tumbo lake lile, akasema ni sindano ya pepopunda aliyochomwa kliniki juzi. Mdogo wako akawacheka wote, ni tenisi ya mezani. Kelele za nyumba hii unazijua.

Ndipo mkeo, ambaye tangu aje hapa ni "ndiyo Mama" na "hapana Mama" tu, akaweka kikombe chini. "Kwetu mafundi umeme, TT ni namna ya kuchimbia waya ardhini. Nyumba hii haina, Baba, ndiyo maana bomba linatupiga shoti."

Baba yako akasema, "Shoti? Mimi miaka yote nilidhani ni baridi yabisi."

Mkeo alicheka mpaka akaniegemea begani. Begani kwangu mimi, mwanangu.

Tumetoka naye kununua fimbo ya shaba ya kufungia huo waya ardhini. Majirani nimewaalika jioni waje wamwone akiichimbia.

~~Usimwambie nimekwambia.~~ Mwambie tu, anajua sina kifua.

Na lile begi alilofunga Jumapili arudi kwao, lililokunyima usingizi, usilitafute mlangoni. Nguo kazirudisha kabatini. Begi tumebebea vifaa.

Mama yako, msaidizi wa fundi