Aliuliza Kama Azime Swichi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Beldina Akumu Wechuli (Bi.)
Umri: Miaka 24
Kazi: Muuza vitambaa sokoni
Makazi: Migosi, Kisumu
Yameandikwa: Alhamisi, 14 Agosti 2025, saa nne na robo asubuhi, mbele ya Konstebo Wabwire

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Jina la Wechuli nimelipata juzi tu, na bado nalitamka polepole ili nilisikie vizuri. Nilifunga ndoa na Byron Wechuli tarehe 12 Julai mwaka huu. Afande ameniambia niseme yanayohusu kesi tu. Ndoa yangu inahusu, kwa sababu ndiyo iliyotupeleka kwa fundi.

Mnamo Jumanne tarehe 12 Agosti, tukitimiza mwezi mmoja kamili, mimi na mume wangu tulikwenda katika karakana ya useremala ya Bw. Dishon Owiti, Migosi, kukagua kitanda tulichoagiza. Tulifika saa nane na dakika arobaini mchana. Kitanda kilikuwa kizuri kuliko nilivyokiota. Bila kuniambia, Byron alikuwa ameomba pachongwe ndege wawili upande wa kichwani. Nililia kidogo. Bw. Owiti akacheka, akasema, "Bibi harusi, usilie. Hii kitanda haipigi kelele. Majirani watadhani mmehama."

Hapo ndipo nilipomwona Valarie Nasambu kwa mara ya kwanza. Ni msichana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, anaishi Nyalenda. Shule yake ilimpeleka kwa Bw. Owiti wiki tatu za likizo ajifunze kazi. Alikuwa amevaa viatu vya shule na kufunga nywele kwa kitambaa. Yeye ndiye aliyewapiga msasa wale ndege mpaka wakang'aa. Nilipomshukuru alisema, "Asante, Mama." Sijazoea kuitwa Mama. Nilifurahi.

Saa tisa kasoro dakika kumi stima ilipotea. Bw. Owiti alikuwa akipasua mbao kwa msumeno wa meza. Msumeno ulisimama, kipande cha mbao kikiwa kimekwama kando ya meno. Hakuzima swichi. Swichi yenyewe iko ukutani, kando ya mlango, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Tukiwa tunangoja, nilisoma karatasi ya shule iliyobandikwa karibu nami. Ilikuwa ya majukumu ya mwanafunzi akiwa kazini. Afike saa mbili. Avae viatu vinavyofunika vidole. Amtii msimamizi wake. Ajilinde. Aulize kabla ya kugusa mashine yoyote. Chini palikuwa na sahihi ya Valarie, mwandiko safi kabisa, na ya Bw. Owiti.

Saa tisa na dakika tano Bw. Owiti alimwita, "We Atachi!" Hilo ndilo jina alilompa, kwa kuwa alikuja kwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Akasema, "Toa hiyo kipande hapo kwa msumeno, halafu ufagie."

Valarie akauliza, "Fundi, nizime swichi kwanza?"

"Utazima nini na stima haiko?"

"Mwalimu alisema ikirudi, mashine inaamka yenyewe."

Bw. Owiti akasema, "Kwani umekuja kujifunza kazi ama kunifunza kazi?"

Fundi mwingine anayeitwa Okello akacheka, akasema, "Mzee, mpe tu funguo. Huyu ndiye bosi sasa."

Watu wakacheka. Valarie aliitazama swichi, akamtazama Bw. Owiti. Bw. Owiti akasema, "Toa!" Kwa amri ya fundi, msichana akaingiza mkono.

Kabla hajautoa, kinyozi wa jirani alipiga kelele, "Imerudi!" na redio yake ikalia. Msumeno uliamka papo hapo. Sitaeleza mlio niliousikia.

Byron ndiye aliyekimbia akanipita akaizima swichi. Kisha akavua shati lake akaufunga mkono wa Valarie. Lilikuwa shati la harusi yetu. Sijawahi kumpenda kama dakika ile, na sitaki kumpenda tena kwa sababu ya namna ile.

Neno la kwanza la Bw. Owiti lilikuwa, "Nani amewasha mashine?" Hakuna aliyewasha. Aliyekuwa karibu na swichi ni mimi, na sikuigusa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nilimsikia mtoto akiuliza, na swichi ilikuwa kando ya bega langu. Ningeinua mkono tu. Nilikuwa namtazama mume wangu.

Sisi ndio tuliompeleka hospitalini kwa tuktuk. Bw. Owiti alibaki. Njiani Valarie alisema neno moja tu: "Mama, niliuliza. Ulisikia?" Nikamwambia nilisikia. Amepoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia.

Jana asubuhi mama yake, Bi. Nabututu, alinieleza kwamba Bw. Owiti ameandikisha hapa kituoni kuwa msichana aliwasha mashine akicheza. Shule nayo inangoja ripoti ya polisi ndipo iamue kama itamrudisha darasani. Saa tano asubuhi hiyo hiyo nilikwenda karakanani. Karatasi ilikuwa imebanduliwa. Bw. Owiti aliniambia, "Madam, hii si mambo yako. Kitanda iko tayari, beba uende. Aliandika mwenyewe atajilinda."

Nilimjibu kwamba kuuliza ndiko kujilinda kwenyewe. Karatasi ilimtaka mtoto aulize, akauliza. Ilimtaka atii, akatii. Alitimiza kila kitu alichokitilia sahihi, halafu mtu mzima aliyetia sahihi chini yake anamwita mzembe. Kama ni hivyo, basi shule ziwafunze watoto kukataa, kisha tuone ni fundi gani atawapokea.

Nimesomewa maelezo haya. Mahali palipoandikwa "msichana akaingiza mkono", nimeomba kabla ya maneno hayo paongezwe "kwa amri ya fundi". Afande amesema maana ni ile ile. Si ile ile. Nimekataa kutia sahihi mpaka yaongezwe.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia kwa macho na masikio yangu, na niko tayari kuyarudia mahakamani.

Sahihi: B. A. Wechuli

Maandishi ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi. Maneno "kwa amri ya fundi" yameongezwa kwa ombi lake, na sote wawili tumetia sahihi kando yake. Nakala ipelekwe kwa mwalimu mkuu leo.
Konstebo Wabwire, saa tano na dakika ishirini.