Kendi Haji Bila Mwenda

Ijumaa, wiki ya mwisho ya likizo ya Agosti.

Mawingu yameshinda juu ya mlima tangu asubuhi, na rafiki yangu aliye Ruiri ameniandikia kwamba huko wanavaa sweta juu ya sweta. Huku chini Mitunguu jua limewaka kana kwamba halikupewa habari za Agosti. Nimeketi kibarazani, nimesimama, nimeingia ndani bila kujua nilichokifuata, nimetoka tena.

Heri niandike.

Kwa anayefika kwenye shajara hii ya mtandaoni mara ya kwanza: mimi ni kijana wa Manyatta, Embu, mhitimu wa shahada ya maendeleo ya jamii. Tangu mwanzo wa mwaka nimekuwa nikijitolea kuratibu programu ya watoto katika kanisa moja la hapa. Wengi wao ni watoto wa vibarua wa mashamba ya ndizi. Kila Jumamosi, na siku zote za likizo, tunawafundisha Neno, kusoma kwa ufasaha, kuchora, sataranji na ngonjera, na adhuhuri wanakula githeri, mahindi na maharagwe. Majina ya watu wote nimeyabadilisha.

Kesho wageni wanakuja kutoka makao makuu ya kanisa letu, Meru mjini. Watawatazama watoto wakitumbuiza, kisha wataamua kama programu hii itapewa mratibu wa kudumu anayelipwa. Sitajifanya mnyenyekevu katika shajara yangu mwenyewe: nafasi hiyo naitaka. Nikiwa peke yangu nimekwisha kulitamka jina la cheo hicho kwa sauti, mbele ya kioo, nikisikiliza linavyokaa mdomoni.

Kilele cha kesho ni ngonjera ya Yona. Watoto wengine ni mawimbi, wengine ni mabaharia, na Yona amelala chini ndani ya merikebu huku dhoruba ikivuma. Nahodha ndiye anayemwamsha. Nahodha huyo nilimwandikia Kendi, msichana wa gredi ya sita, kwa sababu Kendi hapazi sauti. Sauti yake inafika tu. Akisema "Amka," hata mimi niliyeyaandika maneno hayo hukaa wima.

Tatizo ni kwamba Kendi aliacha kuja.

Na aliacha kwa sababu yangu.

Zamani wasichana wetu walikuwa wakija na wadogo zao mgongoni, kwa kuwa mama zao wako mashambani na hakuna mwingine nyumbani. Mwezi uliopita tulirekodi mazoezi ili tuyatume makao makuu, na mtoto mmoja akalia tangu salamu hadi amina. Nilifedheheka. Katika kikao cha kamati nilipendekeza kanuni: ataingia darasani mtoto aliyesajiliwa tu, na usajili uanzie miaka sita. Niliiita hatua ya kulinda ubora wa programu. Kamati ililipenda neno ubora. Mwenyekiti, Mzee Kirimi, alilirudia mara kadhaa, kama mtu anayeonja chai mpya.

Kendi akatoweka, kisha wasichana wengine wakamfuata. Kamati iliponiuliza, nilieleza kwa utulivu wa msomi kwamba ari ya wasichana hupungua wanapoukaribia ujana. Hakuna aliyebisha. Wote waliotoweka walikuwa na mdogo wa kubeba, na ilinichukua muda wa aibu kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Leo asubuhi nafasi ya nahodha ilishikwa na Purity, binti ya mwalimu, mtoto mwenye bidii na nidhamu. Alimwamsha Yona kama msomaji wa taarifa ya habari. Yona aliendelea kulala, na wimbi moja likapiga miayo.

Nikaenda kumtafuta Kendi. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na huruma. Nilisukumwa na kesho.

Nilimkuta kwenye uwanja wa kukusanyia ndizi, mdogo wake Mwenda akiwa mgongoni. Mama yake na wanawake wengine walikuwa wakipanga mikungu juu ya majani, wakingojea lori la Nairobi. Niliwasalimu kwa Kimeru, wakacheka kabla sijamaliza.

"Mwalimu, Kimeru chako kinachechemea," akasema mmoja wao. "Ni nini kilikiuma huko Embu?"

Nilimweleza Mama Kendi haja yangu kwa lugha niliyoipanga njiani: kipaji cha binti yake, heshima kwa kanisa, fursa adimu. Aliendelea kupanga ndizi. Nilipomaliza, aliinua chane moja na kunionyesha.

"Hii nikikuuzia, nitakung'olea kidole kimoja nikupe?"

"Hapana, mama."

"Sasa Kendi na Mwenda ni hivyo. Unamchukua na huyu, ama uwaache wote. Mimi niko hapa mpaka lori ijae."

"Mama, sheria ya programu..."

"Nani aliitunga?"

Kendi alinitazama, kisha akatazama pembeni ili kunisitiri.

"Basi Kendi hawezi kusema hayo maneno yenu akiwa na mzigo," akaendelea mama. "Mbebe wewe. Ama huko chuo hawakufundisha mgongo?"

Wanawake walipasuka kwa kicheko. Nadhani walitarajia nicheke nao na kuondoka. Sielewi hadi sasa ni kitu gani kilinifanya niiname. Labda ni kiburi. Sipendi kuulizwa swali nisiloweza kulijibu. Mmoja alimweka Mwenda mgongoni kwangu, mwingine akafunga leso ya kubebea kifuani, akaikaza kana kwamba ananifunga mimi nisitoroke.

"Usimame vizuri, baba. Huyo si mkungu!"

Nilipita katikati ya Mitunguu nikiwa na shati la mikono mirefu, viatu vilivyong'arishwa, na mtoto mgongoni, Kendi akinifuata. Vijana wa boda waliniuliza kama bibi amenitoroka. Nilifikiri hayo ndiyo yangekuwa makubwa, hadi nilipofika kwenye duka la pembejeo na kumkuta Mzee Kirimi mlangoni. Alinitazama usoni, akatazama miguu midogo iliyoning'inia ubavuni mwangu, akanitazama tena usoni.

"Kijana. Wageni wanakuja kuona kazi ya kanisa, si kliniki ya kupima watoto."

"Ni kwa mazoezi ya leo tu, mzee."

Leo tu. Maneno hayo yalinitoka kwa wepesi mno.

Mazoezi yalikuwaje? Niseme ukweli wote, hata ule usionifaa. Habari ilifika mitaani kabla yangu, na kabla hatujaanza wasichana waliotoweka walikuwa wamerudi, kila mmoja na mdogo wake. Mtoto mmoja alianza kulia, wa pili akamjibu, wa tatu akatambaa hadi kwenye ubao wa sataranji na kutia askari mdomoni. Purity alibana masikio. Nilipaza sauti nikiomba utulivu, Mwenda akaamka na kuniomba utulivu yeye pia, kwa namna yake.

"Mwalimu, acha tu," akaita wimbi moja kutoka nyuma. "Hiyo ndiyo dhoruba!"

Kanisa zima lilicheka. Kisha Kendi akasogea mbele na kusema maneno yake, wala hakungojea kelele ziishe. Yona alikurupuka kiasi cha kugonga kichwa kwenye benchi.

Hapakuwa na ubora wowote uliobaki wa kulindwa, na bado palikuwa na ngonjera.

Wakati wa githeri Kendi aliketi kando yangu akimsagia Mwenda maharagwe kwa kijiko. Nilimsifu kwa sentensi ndefu. Alizisikiliza sifa zangu hadi mwisho, kwa adabu, kisha akauliza:

"Mwalimu, na Jumamosi ile ingine? Wageni wakishaenda, Mwenda ataingia?"

"Tutaona," nikasema.

"Mama pia husema tutaona nikimwambia viatu vimeisha."

Hakukasirika. Alimpangusa mtoto mdomo, akamfunga mgongoni kwa ustadi ambao mikono yangu haina, akasimama.

"Basi kesho sitakuja. Purity anajua maneno yote."

Akaenda.

Nilimpigia simu Mzee Kirimi mchana. Ninamheshimu mzee huyu, nami nataka asomwe kwa haki. Mabati ya kanisa letu aliyapigilia misumari kwa mikono yake, na ameona programu za watoto zikianzishwa hapa kwa shangwe na kufa kwa fujo. Anaogopa hii nayo itakufa. Alinisikiliza, akakohoa, akanipa ushauri alioamini ni wa baba kwa mwana.

"Mwambie ndiyo. Kesho ipite. Jumatatu sisi tutaongea kama kamati. Huyo ni mtoto, atakushtaki wapi?"

Ushauri huo umekaa nami mchana kutwa. Si mbaya ukiupima kwa hesabu: nikimdanganya Kendi, anakuja, akija, wageni wanaguswa, wakiguswa, ninaajiriwa, nikiajiriwa, ninaweza kuibadilisha kanuni baadaye, kwa utaratibu. Nimewahi kuandika insha nzima chuoni kuhusu mabadiliko ya hatua kwa hatua na kupata alama nzuri.

Lakini Kendi aliuliza swali la ndiyo au hapana, na mimi nilijua hakuuliza habari za kesho.

Nilimpigia dada yangu Wawira, aliye na saluni kule Manyatta. Nilijiambia kwamba nataka tu kujua namna ya kumtuliza mtoto anayelia, endapo itahitajika. Alicheka hadi nikasikia wateja wake wakimuuliza kuna nini.

"Usisimame pahali pamoja," akasema. "Mtoto wa mgongoni anataka utembee. Wewe nilikuwa natembea na wewe nyuma ya darasa, huku na huku, nikisoma ubaoni. Ukinyamaza naketi, ukianza naamka."

"Darasa gani?"

"La tatu. Mama alikuwa anachuma chai. Mwalimu wetu alisema bora nisizibe ubao."

Sikuwahi kuambiwa haya, au niliambiwa nikayasikia kama masimulizi ya kawaida ya utotoni. Kumbe niliingia darasani kabla ya kusajiliwa. Niliingia nikilia, bila shaka nikivuruga ubora wa mtu, na yuko mwalimu ambaye jina lake hata sijui aliyeamua kwamba dada yangu atasoma hivyo hivyo.

Nilikata simu nikaenda kwa kina Kendi kabla jua halijatua, maana nilijijua: nikilala na jambo hili nitaamka nimelitafutia sababu.

Alikuwa nje akimwogesha Mwenda katika karai. Mama yake alikuwa amerudi, ameketi kizingitini, miguu ameinyosha. Safari hii sikuwa nimepanga maneno.

"Ndiyo," nikamwambia Kendi. "Mwenda ataingia. Kesho, na Jumamosi zote zinazokuja."

"Mzee amekubali?"

"Hajakubali."

"Sasa?"

"Nitawaambia wageni mbele yake, kabla hamjaanza. Tutaweka mikeka nyuma, na sisi wakubwa tutabeba kwa zamu. Mimi nitaanza."

Kendi alimmwagia mdogo wake maji mgongoni, polepole, akifikiri.

"Wakikufuta?"

"Sijaandikwa bado. Watamfuta nani?"

Mama Kendi alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Huyu Muembu," akasema, bila kumwambia yeyote. Kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, wewe ukienda, huyo atakayekuja nyuma yako atamwambia nini mtoto wangu?"

Huyo siwezi kumsemea, nikamwambia. Nilimwambia ninachoweza ni kulisema jambo hili mbele ya watu wengi kiasi kwamba atakayetaka kulikana apate kazi ngumu. Alinitazama kama anayepima mkungu kwa macho.

"Kendi, kesho uko?"

"Niko," akasema Kendi, naye akamtoa Mwenda majini.

Nimemtumia Mzee Kirimi ujumbe nikimweleza nitakalolifanya, ili asishtukizwe mbele ya wageni. Ameusoma. Hajajibu. Kila simu inapolia naikimbilia, na wakati wote huwa ni mtu mwingine.

Je, ni ujasiri huu, au ni namna nyingine tu ya kutaka kuonekana? Sijui. Ninajishuku kwa kila nia njema niliyo nayo. Huenda kesho jioni nikawa kijana aliyeitupa kazi yake ya kwanza kwa sababu ya kanuni aliyoitunga mwenyewe. Huenda ngonjera ikazama pamoja na Yona.

Nimekaa nikiandika nitakachowaambia wageni. Nilianza na aya tatu, zenye shukrani na dira na dhamira. Nimefuta, nimefuta tena, imebaki sentensi moja: wasichana wetu hawakupoteza ari, bali mimi niliwafungia mlango, na leo wamerudi na wadogo zao.

Kila nikiisoma naiona fupi mno kwa mtu anayeomba kazi.

Sitaiongezea neno.